Saba ya Mjerumani

Dereva wa Hilux alikuwa anatafuna muguka.

Hilo tu ndilo lililomponza. Pale kwenye kizuizi cha polisi cha Nkubu hakuvunja sheria yoyote. Leseni safi, taa zinawaka, na nyuma vitita vya miraa vimefungwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji, vimepangwa mpaka juu ya paa. Afisa akampungia mkono apite. Nani asimamishe gari la miraa? Likichelewa saa mbili mzigo umekauka, na kuna mtu atakayetukanwa kuanzia Maua mpaka Nairobi.

Lakini mita mia mbili kutoka hapo Makandi alikuwa ameketi ndani ya Subaru Forester ya kijivu, darubini ndogo ya Bushnell mkononi, na aliiona midomo ya yule dereva. Kijani kibichi. Alikuwa anachota majani madogo kwenye mfuko na kuyabwaga mdomoni, chingamu ya Big G juu yake. Hakuna kijiti, hakuna gome, hakuna kumenya kwa meno. Mtu wa Meru akae mbele ya nusu tani ya miraa yake halafu atafune majani ya Mbeere? Hata akiwa na wazimu hawezi. Mama yake angemkana sokoni.

Kwa hiyo dereva si wa Meru, na mzigo si wake.

Makandi akatia gia.

"Mzinga, Nyuki hapa."

"Leta, Nyuki." Sauti ya Njue, mkuu wa operesheni wa Kitengo cha siri, ilikuwa kavu kama siku zote.

"Hilux nyeupe. Imetoka Nkubu, inateremka kwenda Igoji. Naifuata."

"Una uhakika?"

"Anatafuna muguka."

Njue alizaliwa Runyenjes, kunakolimwa muguka, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Mkamate akiwa bado anaweza kuongea," akasema.

Magari ya miraa hayafukuzwi, yanapishwa. Hilux ilikuwa inakwenda mia na arobaini kwenye kona ambazo watu wenye akili huzipita kwa hamsini. Lori la chai likajibana pembeni. Mwenye pikipiki akaingia mtaroni na mzigo wake wa kabichi, akabaki akitukana vumbi. Makandi hakuwasha king'ora. Alishusha kioo, akatoa Glock 19 yenye kizuia sauti, akaiweka kwenye ukingo wa mlango.

Baada ya Igoji barabara ikanyooka.

Risasi ya kwanza ilizama kwenye miraa. Ya pili ikapasua gurudumu la nyuma.

Hilux ikayumba, ikaruka mtaro, ikaingia kwenye shamba la migomba na kulala ubavu. Makandi alifika kabla vumbi halijatua. Akafungua mlango, akamvuta dereva kwa kola na kumketisha chini.

"Jina?"

"Gedion. Madam, mi ni dereva tu, naapa. Sijui kitu."

"Chini ya miraa kuna nini?"

"Miraa."

Makandi akapanda nyuma, akatupa vitita vitatu. Mitungi. Mitungi sita ya plastiki, ya bluu, imejaa mafuta ya ndege. Akateremka bila haraka. Akaushika mkono wa kushoto wa Gedion, akauweka kwenye fremu ya mlango wa Subaru, akaanza kuufunga mlango pole pole, akimtazama usoni kama daktari wa meno anayesikiliza mgonjwa wake.

Tuseme ukweli mapema. Makandi hakuwa mtu mwema. Kitengo hakiajiri watu wema, kinaajiri watu wanaorudi.

Kidole cha pili kilipolia, Gedion akaanza kuongea.

"Siakago! Ghala la zamani la pamba, kilomita nne kutoka mjini! Mafuta ya leo yako huko kitambo, madam, haya ni ya kesho, ya kuvuka nayo mpaka! Leo wanairusha tu ndege yenyewe, mzungu aone!"

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nani mwenyewe?"

"Oscar Ndambiri. Wa Kianjokoma. Yule wa mbao."

"Na vijana wake?"

"Ni wa kwetu, Mbeere na Embu. Hakuna mgeni isipokuwa mzungu na fundi."

Makandi akauachia mlango.

"Fundi yuko hai?"

"Yuko hai, madam."

Alikuwa na swali lingine. Hakuliuliza, na alijua kwa nini.

Akamfunga Gedion pingu kwenye mgomba, akampigia OCS wa kituo cha polisi cha karibu amchukue, akampa Njue habari kwa redio, akaondoka. Alipoipita Chuka na kukata kwenda Ishiara, simu ya setilaiti ikalia. Njue hakutumia redio kwa mambo ya namna hii.

"Nimesikia," akasema. "Sasa nisikilize. Michoro ichomwe. Ndege ivunjwe. Na yeyote anayejua kuiunda asitoke hapo kwenda kuiunda kwingine. Umenielewa?"

"Yeyote?"

"Najua ni ndugu yako, Makandi. Ndiyo maana nimekuuliza kama umenielewa."

"Nitamtoa akiwa hai."

"Mtoe ukiweza. Ukishindwa, usimwache. Lennox na kikosi wako nyuma yako dakika arobaini."

Simu ikakatika.

Huyo fundi aliitwa Kirimi, na alikuwa mdogo wake wa pekee.

Mambo yalianza mbali. Mwaka 1945, Ujerumani ikiwa imeshapigwa na inasubiri tu kuangukiwa na paa, mhandisi mmoja aitwaye Dehmel alichora ndege ya kivita ya jeti ambayo haikuwahi kuundwa. Ilikuwa fupi, haina mkia, mabawa yamelazwa nyuma, na karibu yote ya mbao, kwa sababu chuma kilikuwa kimekwisha. Vita vikaisha kabla hata ubavu mmoja haujakatwa. Dehmel akabadili jina, akavaa kanzu ya mtawa, akaja kufundisha useremala kwenye misheni ndogo juu ya Nkubu. Watu walimwita Bruda Anselm, wakampenda, wakamzika kwa nyimbo. Michoro akamwachia mwanafunzi wake mmoja, Kathuri.

Mzee Kathuri aliitunza kwenye sanduku la bati miaka hamsini. Wala haikuwa na kazi, mpaka siku hizi ambapo watu fulani wamegundua kwamba rada haijali mbao. Ndege ya namna hiyo, injini mbili ndogo za jeti nyuma yake, inaweza kuvuka mipaka mitatu ikiwa imebeba bomu na hakuna askari atakayeinua kichwa.

Wiki tano zilizopita mzee Kathuri alikutwa amekufa kwenye karakana yake. Alifungwa kwenye benchi lake mwenyewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekazwa ndani ya jiliwa la kubania mbao mpaka hakuna mfupa uliobaki mzima. Siku hiyo hiyo Kirimi akatoweka. Kila mtu alijua maana yake. Wamemuua mwalimu, wamemteka mwanafunzi, kwa kuwa hakuna mwingine milimani pale anayeweza kuunda bawa la mbao. Mama yao alikuwa hali chakula, halali usingizi, anaomba rozari mpaka sauti imekwisha. Alikuwa amemwambia Makandi neno moja tu: mlete.

Kazi ikapewa Makandi kwa sababu alikaa Berlin miaka mitatu ubalozini na anasoma Kijerumani. Na kwa sababu ni katili. Na kwa sababu aliomba.

Kitu kimoja hakikuwa kwenye ripoti yake. Chini ya benchi la mzee aliona vijiti vya miraa vilivyomenywa, lundo zima. Mtu alikaa pale muda mrefu, akitafuna, huku akikaza jiliwa. Mzee hakutafuna maisha yake yote. Makandi alijiambia kwamba Meru nzima inatafuna, kwa hiyo vijiti havina ushahidi. Lakini sasa Gedion amesema vijana wote wa Ndambiri ni watu wa Mbeere na Embu. Watu wa muguka, na muguka haiachi vijiti.

Akaongeza mwendo. Hakutaka kuendelea kufikiri.

Saa saba na dakika ishirini aliiacha Subaru chini ya migunga, akatambaa mita mia tatu kwenye vichaka vya Mbeere, jua likimchoma kisogoni. Ghala lilikuwa la mabati yaliyoota kutu. Mbele yake walikuwa wamesafisha barabara ya kurukia, ndefu, nyekundu, imeshindiliwa vizuri kuliko barabara ya serikali. Chini ya turubai upande wa pili alimwona Oscar Ndambiri, mnene, kofia ya Stetson, akimmiminia soda mzungu mwembamba aliyevaa shati la kitani. Huyo alikuwa Rademaker, mwenye pasipoti tatu na hana kwao. Vijana sita wenye bunduki walikuwa wamekaa kivulini, mashavu yamejaa.

Wa saba alikuwa nyuma ya ghala peke yake, AK begani, anakojoa.

Makandi hakumwuliza jina. Alimziba mdomo, akaingiza kisu chini ya sikio, akamshika mpaka alipokuwa mzito, akamlaza taratibu ili redio iliyokuwa kiunoni mwake isigonge jiwe. Redio akaichukua. Kijana alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mfuko wake wa muguka ulikuwa bado umejaa.

Akalegeza misumari ya bati kwa koleo lake la mfukoni la Leatherman, akapenya ndani.

Na akasimama.

Kwa sababu ilikuwa nzuri. Hata yeye, aliyekuja kuivunja, alibaki mdomo wazi. Ilikaa katikati ya ghala juu ya magurudumu matatu, tumbo nene, mabawa yamelala nyuma, mbao za muuru zimepigwa randa na vanishi mpaka ungeweza kuchana nywele ukijitazama. Hapakuwa na msumari hata mmoja, kila kiungo kilikuwa cha gundi. Hewani palikuwa na harufu ya vanishi, ya miraa, na ya kitu kingine kikali kinachochoma pua, kama siki iliyooza.

Chini ya bawa alipiga magoti mwanamume, anasugua kwa msasa namba sifuri. Miguu haina mnyororo. Mlango wa mbele hauna kufuli. Pembeni mwa magoti yake palikuwa na lundo la vijiti vya miraa vilivyomenywa.

"Kirimi."

Akageuka. Alikuwa amekonda, macho mekundu, lakini uso wake ulikuwa uking'aa kama wa bwana harusi.

"Muga, Makandi," akasema kwa Kimeru, kana kwamba wamekutana kanisani. "Nilijua kama ni mtu atanipata, ni wewe."

"Inuka twende. Nimekuja kukutoa."

"Kunitoa wapi?"

Lile swali ambalo hakumwuliza Gedion, kama fundi amefungwa au yuko kwa hiari yake, likawa limejibiwa. Makandi aliinua bastola pole pole, akaielekeza kwenye kifua cha mdogo wake.

"Ulikuwa wewe," akasema. "Kule kwa mzee."

Kirimi hakukana. Aliketi juu ya kopo la vanishi, akachukua kijiti, akaanza kukimenya kwa meno.

"Alikuwa na sanduku," akasema. "Karatasi nane akanionyesha mwenyewe, miaka mingi, tukikaa jioni tunaziangalia kama watu wanaoangalia picha za harusi. Ya tisa akaificha. Ya gundi. Mbao zote nilikuwa nimeshazikata, lakini bila gundi hakuna ndege. Nikamwomba. Nikapiga magoti, Makandi. Akasema hii kitu haifai kuzaliwa."

"Alitulea. Baba alipokufa tulikula kwake."

"Najua tulikula kwake."

"Ukamkaza mkono kwenye jiliwa."

"Nililia nikikaza." Akatema gome. "Unafikiri sikulia? Lakini wewe hujui maisha yangu. Wewe umekaa Ulaya. Mimi miaka kumi na minane ni vitanda, makabati na majeneza. Majeneza ya watu wote wa Nkubu nimeunda mimi, na hakuna hata mmoja aliyefufuka kuniambia asante. Ile kazi ya kukarabati vindege vya watalii Timau, wazungu walinifundisha mpaka kurusha, halafu wakaniita boi. Mjerumani na viwanda vyake vyote hakuiunda hii. Wamarekani hawakuiunda. Mimi nimeiunda, kwa randa na msasa, na mbao za kwetu. Angalia."

Makandi hakuhitaji kuambiwa aangalie.

"Mzee alikufaje?"

"Moyo, nafikiri. Aliniambia karatasi iko ndani ya mguu wa benchi. Nikaitoa nikamsomea pale pale, nione kama ni yenyewe. Saba kwa kumi, nikasema, dawa ya kugandisha sehemu saba, gundi sehemu kumi, ni sawa? Akaanza kucheka. Damu puani lakini anacheka. Akaniambia, saba yako si saba. Akarudia. Saba yako si saba, kijana. Nikajua akili imeshamtoka. Halafu akalala tu."

"Nionyeshe hiyo karatasi."

"Ya nini?"

"Nataka kuona umemwulia nini."

Kirimi akainuka bila kuijali bastola, akaitoa kwenye sanduku la bati lililokuwa pembeni, akaileta. Ilikuwa karatasi ya kitambaa, ya rangi ya majani ya chai, maandishi ya wino mwembamba. Akamwekea kidole juu ya mstari. "Hapa."

Makandi akatazama.

Palikuwa na tarakimu, na baada yake kumi. Kwa mtu aliyesoma shule ya msingi Nkubu ilikuwa saba bila shaka yoyote. Mstari wa juu unaopanda kwa mshazari, kisha mguu unaoshuka. Mwalimu yeyote wa darasa la pili angeiwekea alama ya vyema.

Lakini Makandi alikuwa amenunua matofaa Berlin. Wiki yake ya kwanza kule aligombana na mama wa watu sokoni kwa sababu ya tarakimu kama hiyo. Wajerumani huandika moja yao kwa mkia mrefu mbele, mpaka mgeni aape ni saba. Saba yao wenyewe huivalisha mshipi tumboni ili zisichanganyike.

Akashusha macho pembeni mwa karatasi, mahali ambapo fundi huwa hatazami. Tarehe. Siku ya kumi na saba Februari. Moja na saba zimekaa bega kwa bega kwa mkono wa Dehmel mwenyewe, ya kwanza na mkia wake mrefu, ya pili na mshipi wake.

Moja kwa kumi. Hilo ndilo alilolijua mzee Kathuri, na ndilo alilolicheka.

Akavuta pumzi, na ile harufu ya siki ikamwingia mpaka kooni. Dawa ya kugandisha ni asidi. Kirimi alikuwa ameitia mara saba ya kipimo. Gundi ilishika upesi na kukauka ikawa ngumu kama kioo, na fundi akafurahi. Tangu siku hiyo asidi ilikuwa inaila mbao kutoka ndani, kimya kimya, wiki baada ya wiki. Makandi akasogea karibu na shina la bawa. Kwenye kiungo palikuwa na mstari wa kahawia mwembamba kama unywele.

"Umeonaje?" Kirimi akauliza. "Iko sawa?"

"Ni nzuri sana," akasema Makandi. Hakuwa amesema uongo.

Nje mtu alipiga honi ya gari mara mbili. Kirimi akaruka.

"Wananiita. Makandi, nisikilize. Najua umekuja na watu, huwezi kuja peke yako. Najua nitafungwa maisha. Sitatoroka, naapa kwa mama. Ila niache niirushe. Mara moja. Ndambiri alitaka kuleta rubani, nimekataa, hakuna mtu atakaa hapo ndani kabla yangu. Mzunguko mmoja tu halafu nashuka, unanitia pingu mwenyewe. Tafadhali, dada."

Alikuwa akilia. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alilia vile vile alivyokuwa akilia zamani akinyimwa kitu, mdomo wa chini umetoka nje.

Makandi alimpenda. Tusidanganyane hapo. Angeweza kumpiga kwa kitako cha bastola, akamburuta kwenye tundu la bati, akampeleka kwa mama yake akiwa hai. Halafu? Njue angetuma mtu mwingine. Na hata asingetuma, kuna Rademaker wengi duniani, na huyu fundi hakuhitaji kulazimishwa. Angeunda nyingine gerezani kwa vijiti vya kiberiti. Na safari ijayo kuna mtu angemsomea ile tarakimu sawasawa.

Halafu kulikuwa na mkono wa kulia wa mzee Kathuri, uliowamenyea viazi miaka sita.

Akashusha bastola.

"Panda," akasema.

Kirimi akamkumbatia, akaigonga kwa kidole ile redio ya mlinzi iliyokuwa kiunoni mwake. Alinuka gundi. Akakimbia kwenye milango, na Makandi akachukua karatasi nane zilizobaki sandukuni, akaingia nyuma ya magunia, zote tisa ndani ya koti lake.

Vijana wakaja, wakaisukuma ndege nje wakiimba kama watu wanaovuta gogo. Makandi akabonyeza redio yake.

"Lennox, uko wapi?"

"Dakika tatu. Tunaona ghala."

"Subirini iruke. Macho yote yakiwa juu, ingieni kutoka upande wa jua."

"Iruke? Mkuu amesema ivunjwe."

"Fanya ninavyokuambia."

Injini zikawaka. Mlio ulikuwa mwembamba, wa kuumiza meno, na mbuzi wote wa Siakago nafikiri waliusikia. Ndege ikakimbia kwenye udongo mwekundu, ikanyanyua pua, na ikaruka. Miaka themanini baada ya kuchorwa, ikaruka. Vijana wakatupa kofia. Rademaker alisimama, mkono juu ya macho, na Oscar Ndambiri alikuwa anamkumbatia kila aliyekuwa karibu.

Makandi alitoka ghalani akasimama wazi juani. Hakuna aliyemtazama.

Kirimi aliipeleka mpaka karibu na kilima cha Kiang'ombe, akaigeuza kwa upole, akarudi juu. Mabawa yaliwaka juani. Redio ya yule kijana aliyekufa, iliyokuwa mkononi mwa Makandi, ikakoroma.

"Dada," ikasema sauti ya Kirimi, na alikuwa anacheka. "Dada, unaona?"

Kidole cha gumba cha Makandi kilikuwa juu ya kitufe. Alikuwa ameshakiweka hapo bila kujua. Ilitosha kusema maneno manne. Gundi imeoza, shuka taratibu. Fundi mzuri kama yule angeelewa, angeishusha kama yai.

"Dada? Niambie basi. Unaniona?"

Akaondoa kidole.

Chini ya turubai Oscar Ndambiri alikuwa amegeuka, redio yake sikioni, uso umebadilika. "Dada? Dada gani huyo?" akabweka. Akamwona Makandi. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Makandi alimpiga risasi ya goti. Akaanguka juu ya chupa za soda akipiga kelele. Wakati huo huo Land Cruiser mbili za kikosi zikatokea upande wa jua, na vijana sita wenye mashavu yaliyojaa wakatazama juu, wakatazama bunduki, wakatazama juu tena, watano wakachagua kulala chini. Mmoja alichagua vibaya na Lennox akammaliza.

Kule juu Kirimi hakuona chochote. Alikuwa ameielekeza pua chini ili apite mbele yao kwa kasi, kuwapa watu kitu cha kusimulia.

Bawa la kushoto likafunguka.

Halikuvunjika kwa kishindo. Liliachana na mwili taratibu kama mlango, likaelea peke yake. Ndege ikajikunja, ikajizungusha mara tatu, ikaingia kwenye shamba la wimbi. Moto ukaja baadaye kidogo. Redio ikabaki inakoroma bila mtu, mpaka Makandi alipoizima.

Rademaker alikuwa tayari mikono juu, ameshika pasipoti, anatabasamu tabasamu la mtu anayejua mabalozi.

"Nilikuja kutazama tu," akasema kwa Kiingereza.

"Basi umetazama," akasema Makandi. Akamgonga pua kwa kitako cha Glock, kisha akamwachia Lennox.

Michoro aliichoma pale pale, karatasi moja moja, kwa kiberiti chake cha Zippo. Ya gundi aliifanya ya mwisho. Alisubiri mpaka ile tarehe ikunjike na kuwa nyeusi, akaisaga majivu kwa kisigino. Njue akaita kwenye redio mara mbili. Makandi akamjibu kwamba kazi imekwisha, na Njue, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza zaidi.

Ukingoni mwa shamba la wimbi watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mama mmoja mwenye mbuzi wanne alikuwa amesimama mbele, leso mdomoni, akitazama ule moto.

"Kuna mtu ndani?" akamwuliza Makandi.

"Kulikuwa na mtu."

"Uuu! Maskini. Ni wa wapi?"

"Nkubu."

"Huyo mnamjua kweli? Watu wake wameambiwa?"

Makandi alitoa miwani yake ya jua, akaifuta pande zote mbili, akaivaa.

"Wameambiwa," akasema. "Tumetoka tumbo moja."

Yule mama akafungua mdomo kumpa pole. Lakini Makandi alikuwa ameshageuka, anatembea kwa hatua zake za kawaida kuelekea migungani, anatafuta funguo za gari mfukoni.